Mizani ya Mwili

Binadamu hakuuchagua mwili wake kama achaguavyo nguo dukani. Aliukuta, akaambiwa ni wake. Hata hivyo huulizwa habari zake kila siku, kana kwamba aliuomba: mbona u mnene, mbona u mfupi, mbona miguu haikunyoka? Nataka tulifikiri swali hili: je, michezo yaweza kumpatanisha mtu na mwili wake?

Mwaka jana wanafunzi wangu walitengeneza sinema fupi ya mambo ya kweli juu ya jambo hili. Shule yetu iko karibu na Industrial Area, mashariki ya jiji la Nairobi, ambako malori hupita Barabara ya Lunga Lunga tangu alfajiri, na vijiji vya Mukuru vimebanana nyuma ya kuta za viwanda. Huko mwili ni chombo cha kazi. Atafutaye kibarua husimama langoni asubuhi, akatazamwa mabega kabla ya kuulizwa jina.

Tulianza na ndondi, mchezo wenye sifa katika mitaa hiyo. Ndondi ina mizani, lakini haipimi kwa dhihaka. Bondia hupimwa ili apambane na mwenziwe wa uzito wake. Robert Wangila aliposhinda medali ya dhahabu ya Olimpiki huko Seoul mwaka 1988, alipigana katika daraja la kilo 67, wala hakuna aliyemlaumu kwa kukosa kilo 90. Fikira hiyo ilinipendeza mno, nikawaambia wanafunzi kuwa jibu limepatikana. Nilifanya haraka. Wangila huyo huyo alifariki mwaka 1994, baada ya kuumia katika pambano huko Las Vegas.

Kisha tukampiga picha msichana mmoja mnene, aliyechekwa darasani hata akazoea kuketi nyuma. Uwanjani alikuwa hodari wa kutupa tufe. Siku ya mashindano tufe lake lilitua mbali kuliko yote. Waliomcheka wakamshangilia, nasi tukaona sinema imekamilika. Tulipomwonyesha, alitazama kimya, kisha akauliza: "Mwalimu, na kama ningekuwa mnene nisiyeweza kutupa tufe?"

Sikuwa na jibu, na chuo cha ualimu hakikunipa. Tulikuwa tumemtoa katika mizani ya urembo tukamtia katika mizani ya ushindi. Sisemi mchezo haufai. Yeye mwenyewe alituambia kwamba anapolisukuma tufe husahau kuwa anatazamwa, na nadhani kusahau huko kulimfaa kuliko makofi yote. Lakini kamera haikuweza kukunasa, kwani kamera nayo ni jicho.

Wanafunzi walibishana siku mbili. Mwishowe walimwachia yeye achague picha ya mwisho. Akauondoa ule mtupo wa ushindi, akaweka picha ya jioni moja baada ya mazoezi: ameketi nyasini pamoja na wenzake, viatu amevivua, anatafuna hindi la kuchoma, na tufe liko kando.