Ukipenda Boga

Kuna ngoma moja ambayo huenda unaijua bila kujua kwamba unaijua. Kama ulitazama Joker, ile filamu ya 2019, unakumbuka Joaquin Phoenix akishuka zile ngazi ndefu za Bronx huku akicheza, uso umepakwa rangi, mabega yanayumba, ni kama dunia yote imekuwa yake. Midundo inayosikika pale ni mizito, gitaa linanguruma, halafu sauti za watu wengi zinapaza kelele moja fupi kwa pamoja. Maneno ya maana hamna. Ngoma hiyo ni "Rock and Roll Part 2" ya Gary Glitter, iliyotoka Uingereza mwaka 1972.

Huyo Gary Glitter alihukumiwa miaka 16 jela mwaka 2015 kwa kuwadhulumu watoto kingono. Swali langu ni hili: ngoma yake tuifanyie nini?

Tuanze na ngoma yenyewe. Glam rock ilivuma Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970: wanaume waliovaa viatu vya soli nene na nguo za kumetameta, vipodozi usoni, na nyimbo fupi ambazo kila mtu angeweza kuitikia. Fikiria T. Rex, Slade, David Bowie. Paul Gadd, ambaye ndiye Gary Glitter, alikuwa amehangaika na muziki tangu miaka ya 1960, akabadilisha majina ya jukwaani, na hakuna lililoshika. Aliyemtoa ni mtayarishaji Mike Leander, fundi aliyewahi kupanga ala za nyuzi katika "She's Leaving Home" ya Beatles mwaka 1967. Studioni, Leander alipiga ala nyingi mwenyewe. Wimbo wakaugawa mara mbili: upande mmoja wa sahani una maneno, upande wa pili karibu ni midundo na kelele tupu. Huo wa pili ndio uliopendwa kwenye disko. Singo ikapanda hadi nambari 2 Uingereza na nambari 7 Marekani.

Halafu ikapata maisha mengine ambayo hakuna aliyeyapanga. Viwanja vya Marekani viligundua kwamba ngoma hii haikuhitaji ujue kuimba. Ilianza kwenye hoki miaka ya 1970, ikaingia mpira wa vikapu na futiboli ya kwao. Timu ikifunga tu, inawekwa, na maelfu ya watu wanapaza sauti pamoja. Mwaka 1988 kundi la The Timelords lilichukua midundo yake, likaichanganya na muziki wa kipindi cha Doctor Who, likafika nambari 1 Uingereza. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Hii ililia miaka ishirini na tano.

Mwishoni mwa 1997 Glitter alipeleka kompyuta yake kutengenezwa, na fundi akakuta humo picha za watoto wakidhulumiwa. Mwaka 1999 akahukumiwa miezi minne. Mwaka 2006 mahakama ya Vietnam ikampata na hatia ya kuwatendea uchafu wasichana wawili, wa miaka 10 na 11, ikamhukumu miaka mitatu. Mwaka huohuo ligi ya NFL ikaziomba timu zake ziache kuicheza rekodi yake. Kisha mwaka 2015, mjini London, yakafunuliwa ya zamani: makosa aliyoyatenda kati ya 1975 na 1980, alipokuwa staa.

Sasa turudi kwa swali. Kiswahili kina methali inayoonekana kulijibu haraka: ukipenda boga, penda na ua lake. Kwa maana hiyo, ukiipenda ngoma, umemchukua na mwenyewe. Lakini wengi wetu hatuishi hivyo. Tunasema kazi ni kazi, mtu ni mtu. Kabla sijaacha chuo nilisomeshwa insha ya Roland Barthes ya 1967, inayodai kwamba mwandishi amekufa: kazi ikishatoka, maana yake ni ya anayeisoma. Ni wazo tamu, na sitaki kulidharau. Linatupa sisi watu wa kawaida haki ya kumiliki vitu tulivyovipenda.

Na ukweli ni kwamba, kama kuna wimbo unaofaa kuachanishwa na mwenyewe, ni huu. Hauna ujumbe. Hausifu kitu kibaya. Mwenyewe hata hasikiki sana humo; unachosikia ni mikono ya Leander na kelele ya umati. Ni tofauti kabisa na msanii anayekuimbia mapenzi huku unajua aliyoyafanya chumbani. Isitoshe, pesa haziendi kwake. Joker ilipotoka na watu wakakasirika, kampuni ya Universal inayoshika haki za uchapishaji wa nyimbo hizo ilieleza kwamba haimlipi mirabaha, kwa kuwa haki zake zilishamilikiwa na wengine. Wengi wakapumua. Basi, kumbe hakuna shida.

Hapo ndipo mimi ninapokwama. Mbona tuliridhika haraka hivyo? Ni kana kwamba ubaya wote ulikuwa suala la doo, na mara tu tunapojua mfuko ulioingia si wake, roho inatulia. Lakini wale watoto hawakuumizwa na mirabaha.

Ebu tazama kilichothibitishwa mahakamani mwaka 2015. Wawili kati ya wasichana wale, wa miaka 12 na 13, walialikwa kwenye chumba chake nyuma ya jukwaa, kisha akawatenganisha na mama zao. Soma tena hapo kwa mama. Hawa hawakuwa wazazi wazembe walioacha watoto njiani. Walikuwa wamefika naye mlangoni, na mlango ukafunguliwa kwa furaha, manake aliyefungua ni Gary Glitter. Nani angemkatalia? Mtu wa kawaida wa miaka thelathini na kitu akimwita bintiyo chumbani, unapiga nduru. Staa akimwita, unamnyoosha nguo kwanza.

Kwa hiyo, wanaposema tutenganishe kazi na mtu, mimi nauliza: yeye aliitenganisha lini? Umaarufu ndio uliokuwa ufunguo wake, na ufunguo huo ulichongwa na singo ya 1972 na zile zilizofuata. Wimbo haukuwa umekaa kando, safi, ukitazama. Mtu anaweza kuwa mchoraji hodari na pia mwizi wa ng'ombe, na mambo hayo mawili yasikutane. Hapa yalikutana kwenye mlango mmoja.

Je, hiyo inamaanisha tuifute? Sidhani. Kuifuta ni kumwonea Leander na disko zote zilizoicheza kwa nia njema, na pia ni kuficha ushahidi. Nataka kizazi kinachokuja kijue jinsi nchi nzima ilivyoweza kumshangilia mtu kama huyo kwa miaka mingi. Na kama wewe unaisikiza peke yako kwa spika za masikioni, sina polisi wa kukutumia. Hayo ni yako na moyo wako.

Lakini uwanjani si masikioni. Ukiiweka mbele ya umati, umeacha kuwa msikilizaji, umekuwa mwenyeji. Na mwenyeji hachagui chakula kwa ulimi wake pekee, anauliza walioketi ni kina nani. Hakuna umati wa maelfu usio na mtu aliyefanyiwa haya utotoni, na ambaye hajamwambia yeyote. Kila mtu anapaza sauti, yeye anajua sauti ile ni ya nani. Akinyamaza, jirani anamsukuma kwa kiwiko: vipi, hufurahii? Mwenye kovu usidhani kapoa.

Najua hoja ya pili: atakayeujua ni mmoja kati ya elfu, tunyime raha wote kwa ajili ya mmoja? Napiga hesabu tofauti. Sisi tunapoteza dakika mbili za wimbo ambao una ndugu chungu nzima. Yeye anapoteza mahali pa kusimama kati ya watu. Mizani hiyo haihitaji mwanafalsafa.

Usidhani hii ni kesi ya Wazungu na viatu vyao vya kumetameta. R. Kelly alirekodi wimbo na wasanii wanane wa Afrika mwaka 2010, Mkenya na Mtanzania wakiwemo, na hao hawana kosa lolote. Mwaka 2021 mahakama ya New York ikampata na hatia, na mwaka uliofuata ikampa miaka 30. Bado DJ akiuweka wimbo wake kwenye harusi, hema lote linaimba. Na hapa kwetu tuna minong'ono yetu kuhusu mastaa wetu, minong'ono tunayoizima kwa sentensi ileile: lakini anaimba vizuri, ama?

Ndiyo, anaimba vizuri. Hiyo ndiyo sababu mlango ulifunguliwa. Kwa hiyo, siku DJ ni wewe, na hema limejaa shangazi, wapwa na mabinti wa jirani, usiniulize kama ngoma ni kali. Jiulize ni nani hapo ndani ataondoka kimya kwenda nje kusimama gizani mpaka iishe, halafu chagua nyingine. Ngoma kali ni nyingi.