Duka Lifunguliwe, na Uhai Ulindwe



Wako watu wanaodhani ya kuwa ugonjwa ukiisha kupita, mafundisho yake nayo yapite. Sisi hatuoni hivyo. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kwamba Korona si hatari ya ghafula ya ulimwengu mzima tena, na watu wengi wakashusha pumzi. Walakini tangu Oktoba 2022 kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuzuka tena katika nchi yetu ya Kenya, na mwisho wa Julai 2024 ugonjwa wa mpox ukagunduliwa kwetu kwa mara ya kwanza, huko mpakani Taveta. Ugonjwa mmoja huaga, na mwingine hubisha hodi.

Kwa sababu hiyo swali tulilojiuliza mwaka 2020 halijazeeka. Maduka, masoko na hoteli vikiisha kufungwa kwa ajili ya maradhi, vitafunguliwaje pasipo kuwadhuru watu? Tena ni kazi ya nani kuvifungua? Wengi hujibu ya kuwa ni kazi ya mwenye duka, au kazi ya Serikali. Sisi twasema ya kuwa ni kazi ya jirani wote, na ya kwanza ni ya yule anayenunua.

Tukumbuke kwanza mambo yalivyokuwa. Habari ya mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Kenya ilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 27 ya mwezi huo ikaanza amri ya kutotoka nje tangu saa moja ya jioni hata saa kumi na moja ya alfajiri. Jioni iyo hiyo Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, alisimama katika uwanja wa Mtakatifu Petro mjini Roma. Mvua ilikuwa ikinyesha na uwanja ulikuwa mtupu, naye akauombea ulimwengu. Injili iliyosomwa ilikuwa ile ya mitume walioshikwa na dhoruba ziwani. Sote tulikuwa katika chombo kimoja, ni kweli. Lakini katika chombo hicho wako waliokuwa na akiba ya chakula, na wako waliokuwa hawana kitu.

Mtu wa mshahara wa mwezi aliweza kukaa nyumbani akangoja. Sasa tumfikirie mama auzaye mboga kando ya njia. Bidhaa yake haingoji. Nyanya aliyoinunua Jumatatu ikikosa mnunuzi, Alhamisi ni takataka. Tena saa ya biashara yake ni ipi? Ni jioni, watu watokapo kazini na kununua cha kupika usiku. Ndiyo saa ya muuza samaki, na ya muuza chapati, na ya mwenye kijiduka cha unga na mafuta. Amri ya saa moja ya jioni haikuondoa kwao saa moja tu katika saa ishirini na nne. Iliondoa saa ile waliyoitegemea. Hatusemi ya kuwa amri ilikuwa mbaya. Twasema ya kuwa mzigo wake haukuwaangukia watu wote sawasawa, na asiyeuona mzigo wa mwenzake hawezi kumsaidia kuuinua.

Serikali ilijaribu kusaidia, na haki yapasa isemwe. Mwaka 2020 ushuru wa nyongeza ya thamani ulipunguzwa kutoka asilimia 16 mpaka 14, na ushuru wa mauzo ya wafanyabiashara wadogo ukashushwa kutoka asilimia 3 mpaka 1. Lakini ushuru huu wa pili ulimhusu mtu mwenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni moja kwa mwaka. Mama wa mboga hafiki huko, na mboga zake mbichi zilikuwa hazitozwi ule wa kwanza. Msaada ulipita juu ya kichwa chake kama wingu lisilonyesha. Uliomfikia ni ule wa kutuma kwa M-Pesa fedha zisizozidi shilingi 1,000 bila malipo, uliodumu mpaka mwisho wa mwaka huo. Ulimwepusha na gharama, na pia na noti zipitazo mikono mingi.

Basi siku ya kufungua ilipofika, hofu ya ugonjwa haikuwa shida ya pekee. Mtaji ulikuwa umekwisha kuliwa na watoto, nao walikuwa na haki ya kula. Mtume Yakobo aliwakaripia watu wamwambiao ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba, na huku hawampi kitu. Kumwambia mfanyabiashara maskini afungue kwa usalama, pasipo kumsaidia kupata sabuni, maji wala mtaji, ni neno la namna hiyo hiyo.

Hapa mtu atatuuliza: Je, uhai si mkubwa kuliko biashara? Kwa nini gazeti la Kanisa litetee maduka? Twamjibu ya kuwa katika Amri za Mungu ya tano yakataza kuua, na ya saba yakataza kuiba. Asemaye tufungue tu, litakalokuwa na liwe, ameisahau ya tano. Asemaye tufunge tu, kila mtu ajitafutie, aiangalie ya saba, kwa kuwa mafundisho ya Kanisa huhesabu kumnyima mtu njia ya kupata riziki kuwa dhuluma. Mungu hakutupa Amri zinazopigana. Zikionekana kupigana, mara nyingi ni kwa sababu hatutaki kulipa gharama ya kuzishika zote pamoja.

Mwingine atasema: Ulinzi ni wa Mungu, siku yangu ikifika nitakufa hata nikivaa barakoa kumi. Neno hili lina sura ya imani, lakini si imani. Shetani alipomweka Bwana Wetu Yesu Kristo juu ya kinara cha hekalu na kumtaka ajitupe chini kwa kuwa malaika watamdaka, Bwana alikataa, akasema ya kuwa Mungu hajaribiwi. Tena mtu wa namna hii hajitupi peke yake: huanguka pamoja na mzee aliyesimama karibu naye dukani.

Tutazame sasa mfano tuujuao sote, ule wa Msamaria mwema. Twapenda kumsifu Msamaria, na twamsahau mwenye nyumba ya wageni. Yule alikuwa mfanyabiashara. Aliletewa mgeni mwenye majeraha, akampokea. Lakini Msamaria hakumwachia gharama. Kesho yake alitoa dinari mbili, akaahidi kulipa yatakayozidi atakaporudi. Kwa hiyo mgonjwa alitunzwa, na biashara ya mwenye nyumba haikufilisika kwa sababu ya wema. Wema wa Msamaria ulikuwa na mafuta, na divai, na punda; ulikuwa pia na fedha, na neno la mtu alipaye deni.

Tuanzie hapo hapo, penye deni. Katika miezi ile migumu maduka mengi ya vijijini na mitaani yalitukopesha. Mwenye duka alifungua daftari, akaandika sukari, unga, mafuta ya taa, akatuacha tuende. Hakuwa benki, wala hakutudai riba. Je, kila jina katika madaftari yale limekwisha kufutwa kwa malipo? Tumesikia watu wakibadili njia ili wasipite mbele ya duka walikokopa, wakaenda kununua kwa fedha taslimu mahali pengine. Jumapili huonekana kanisani. Wapenzi, kumkwepa aliyekulisha wakati wa njaa ni kumfunga mlango mara ya pili, na safari hii si ugonjwa uliomfunga. Alipaye deni la shilingi mia tano amemsaidia mwenye duka kuliko atoaye hotuba.

La pili, mnunuzi asimdharau muuzaji amlindaye. Mwisho wa Aprili 2020 hoteli zilipoanza kuruhusiwa kufungua tena, ziliwekewa masharti: wafanyakazi wapimwe, wageni wapimwe joto, viti viachane. Wako wageni walioona ni matusi kuambiwa wanawe mikono na msichana mdogo anayesimama mlangoni. Walimfokea, na yule msichana alikuwa akitimiza wajibu wake. Mwenye kumwambia mtu mzima anawe, huku akijua ya kuwa pengine atapoteza mnunuzi, ana ushujaa. Sisi tunyamaze, tunawe, tungoje zamu yetu.

La tatu ni la muuzaji mwenyewe. Asimlazimishe mfanyakazi mgonjwa kuja kazini, wala asimkate ujira wake wote kwa siku alizolala, maana aogopaye kukosa ujira ataficha homa. Pia ajue adui wake ni nani. Mwanzoni tulipangusa meza na vitasa kutwa kucha, na madirisha tuliyaacha yamefungwa. Baadaye wataalamu wakathibitisha ya kuwa Korona husafiri zaidi katika hewa ya chumba kilichofungwa na kujaa watu. Dirisha lililo wazi halina bei, na kibanda cha soko kilicho wazi pande zote kina heri kuliko duka zuri lisilopitisha hewa. Kipindupindu ni kingine: hicho huja kwa maji na chakula kilichochafuliwa, na dawa ya kukizuia ni maji safi, choo na chakula kilichopikwa na kufunikwa. Dirisha halikizuii. Yafaa tuulize kwanza katika zahanati ugonjwa huu huenezwaje, kisha tufanye linalofaa, tusifanye lionekanalo tu.

La nne ni la wenye nyumba za kupangisha. Mwaka 2020 magazeti yalieleza habari za mwenye nyumba mmoja wa Nyandarua aliyewasamehe wapangaji wake kodi ya nyumba. Hatuwezi kumdai kila mtu afanye hivyo. Wako wenye nyumba ambao kodi ile ndiyo chakula chao. Lakini kugawanya deni la miezi mitatu lilipwe kwa mwaka mmoja si jambo gumu. Chumba kilichofungwa kwa kufuli, na vyombo vya kinyozi vikioza ndani, hakimletei mwenyewe hata senti.

La tano ni letu, makasisi na waamini wote wa parokia. Mlango uliofungwa nasi tuliujua. Makanisa yalifungwa tangu Machi 2020, na tarehe 6 Julai yaliporuhusiwa kufunguliwa, iliamriwa watu wasizidi mia moja, ibada isipite saa moja, na walio chini ya miaka 13 au juu ya miaka 58 wasije. Wazee wetu walilia. Twakiri ya kuwa wako kati yetu walionung'unika, na wako waliovaa barakoa mbele ya Altare na kuivua mbele ya wauza samaki. Kama tulijua kupanga viti kanisani, kwa nini hatukwenda na ujuzi ule mpaka sokoni, hatua mia mbili tu kutoka mlango wetu?

Wala si lazima tungoje mali nyingi. Mwaka ule mtoto wa miaka tisa huko Bungoma alitengeneza kwa mbao chombo cha kunawia mikono, kinachokanyagwa kwa mguu ili mtu asiguse kitu, na tarehe 1 Juni 2020 akatunukiwa nishani na Rais. Alitumia vipande vya mbao na misumari, pamoja na moyo wa kuwafikiria wengine. Jumuiya yoyote ya Kikristo inaweza kuweka mtungi wa maji na kipande cha sabuni mwanzo wa soko, na kupanga zamu ya kuujaza. Inaweza pia kuweka mfuko mdogo, kila nyumba ikitoa kidogo kidogo, ili mama aliyekula mtaji wake wakati wa maradhi akopeshwe gunia moja la viazi la kuanzia, pasipo riba. Nao mfuko huo uanzishwe sasa, wakati wa afya. Mtu hachimbi kisima nyumba ikiwa imekwisha kushika moto.

Amri ya kutotoka nje iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, na usiku ukarudi kuwa wetu. Taa za vibanda zikawaka tena kando ya njia. Lakini si taa zote. Viko vibanda ambavyo havikurudi, na wenyewe hatujui walikwenda wapi. Labda nasi tulipita pale tukisema ni ugonjwa ndio uliowaondoa. Ugonjwa ulifunga mlango. Je, waliokosa kuufungua tena hawakuwa sisi?

Kwa hiyo twawaomba, enyi baba na mama wa jamaa za Kikristo, jambo moja juma hili kabla ya Misa ya Jumapili. Nendeni katika duka la jirani, mwombeni mwenyewe alifungue daftari lake, na mtazame kama jina lenu limo. Likiwamo, lipeni, au semeni kwa ukweli mtalipa lini. Lisipokuwamo, muulizeni ana haja gani. Ndipo ugonjwa mwingine ukija, Mungu apishe mbali, hatutaanza kwa kutazamana kama wageni.

Mungu Mwenyezi awalinde ninyi na watoto wenu, na abariki kazi ya mikono yenu.