Safari ya Ng'ambo na Haki za Waliobaki

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu wasomaji, watu wengi wametujia darsani kutuuliza mas-ala ya kwenda ng'ambo kutafuta kazi. Mmoja auliza, je, yajuzu Mwislamu kukaa katika nchi isiyokuwa ya Kiislamu kwa ajili ya mshahara? Wa pili auliza juu ya ile bahati nasibu ya viza ya Marekani, kama ni kamari au si kamari. Wa tatu ni mama wa Mji wa Kale, naye alikuja kwa machozi, kwani bintiye yuko Ghuba mwaka wa pili sasa, na hapana simu wala mshahara. Twalikuwa tumenuia kumjibu kila mmoja peke yake, lakini safari tuliyoifanya mwezi wa Shaabani uliopita, hata tukafika Kebirigo, imetuonyesha kuwa maswali haya yana shina moja. Basi tumeona bora tuyaandike hapa pamoja.

Kebirigo ni soko katika kaunti ya Nyamira, nchi ya Wagusii, mahali pa vilima na mvua na majani ya chai. Kiwanda cha chai kipo papo hapo. Wakulima hupeleka majani mabichi, wakalipwa kidogo kila mwezi, kisha bonasi mara moja kwa mwaka. Waislamu wa huko ni wachache. Aliyetupokea ni mzee wa Kigusii aliyesilimu ujana wake alipokuwa akifanya kazi bandarini Mombasa, na Kiswahili chake kingali cha Mombasa hasa, hata tulicheka sote alipotuambia “karibuni, mjitwae” kama alivyofunzwa Majengo miaka arubaini nyuma.

Mtu wa pwani afikapo huko ataona jambo la kumshangaza. Baina ya mashamba ya chai zimesimama nyumba za ghorofa, na ndani yake hamna mtu ila mlinzi na kuku. Ukiuliza ni ya nani, utaambiwa ni ya fulani, yuko Minnesota. Wagusii wengi wamekwenda kukaa katika jimbo hilo la Marekani, khususan mji wa Brooklyn Park ulio kando ya Minneapolis, na wamezama humo hata mwezi wa Novemba 2024 mwanamke mzaliwa wa Nyamira, Bibi Huldah Momanyi Hiltsley, alichaguliwa kuingia katika Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo. Yeye si wa dini yetu, lakini haki ni kusema jambo lilivyo.

Tuliuliza wamefikaje hapo, nasi tulidhani tutaambiwa habari za bahati. Tuliambiwa habari za masomo. Wengi wao walianza kwa kazi ya chini kabisa, kuwaosha na kuwalisha wazee na wagonjwa, kazi ambayo sheria ya Marekani yataka mtu afunzwe kwa saa zisizopungua 75 kabla ya kuishika. Lakini hawakukaa hapo. Alfajiri akitoka kazini alikwenda darasani, akasoma mwaka mmoja akawa muuguzi wa daraja ya chini, akasoma tena miaka miwili au minne, akaingia katika mtihani uitwao NCLEX, akafuzu akawa muuguzi kamili. Na aliyetoka Kenya na cheti chake cha uuguzi hakuepushwa mtihani huo. Ujira wa yule wa kwanza na wa huyu wa mwisho haufanani hata kidogo.

Sasa twarejea kwenye hukumu. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 100, amemuahidi mwenye kuhama katika njia Yake kwamba atapata katika ardhi pa kukimbilia na wasaa; na katika Suratul Mulk, aya ya 15, ametuamrisha tutembee katika pande za ardhi na tule katika riziki Zake. Sahaba wa kwanza kuhama walikwenda Uhabeshi, na mfalme wake wakati huo alikuwa Mnasara. Na Imam al-Mawardi, katika wanavyuoni wakubwa wa Kishafi, amesema kwamba Mwislamu akiweza kuidhihirisha dini yake katika nchi ya makafiri, basi kukaa kwake humo ni bora kuliko kuondoka, kwa kutarajiwa wengine kusilimu. Basi swali si nchi gani waenda. Swali ni je, utaweza kuswali, kufunga na kula halali huko uendako?

Ama bahati nasibu ya viza, ile iliyowekwa kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1990, jina lake ndilo lililowatisha watu. Kamari ni mtu kuweka mali yake ili apate mali ya mwenziwe au apoteze yake. Mwenye kuandika jina lake katika kura ile hakumwekea mtu dau, wala aliyepata hakuchukua cha aliyekosa. Kwetu sisi si kamari. Lakini yule anayekutoza maelfu ya shilingi akujazie karatasi, na akakuambia ana mkono ndani ya ubalozi, huyo ni mwongo, na kumpa fedha ni kupoteza mali, na kupoteza mali ni haramu.

Turudi kwa wenye kuhama. Kila mwenye kutaka kusafiri twamnasihi aisome habari ya Abdurrahman bin Auf (r.a.), imo katika Sahih Bukhari. Alifika Madina hana kitu, Mtume (S.A.W.) akamfanyia udugu na Saad bin Rabii, tajiri wa Kiansari. Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake yote. Abdurrahman akamwombea baraka katika mali yake na watu wake, kisha akataka aonyeshwe soko liko wapi. Akaonyeshwa soko la Bani Qainuqaa, akaanza kuuza jibini na samli. Haukupita muda mrefu ila alikuja kwa Mtume na athari ya manukato ya harusi, ameoa, na mahari ameyatoa dhahabu ya uzani wa kokwa ya tende. Mhajiri huyu alikuwa na kitu kimoja ambacho makafiri wa Makka hawakuweza kumnyang'anya alipotoka kwao: alikuwa anajua biashara.

Na sisi watu wa pwani, twajua nini tunapotoka? Twasema haya kwa uchungu. Vijana wetu wakaa barazani wakizungumza habari za Dubai na London, ukimwuliza kijana ana ujuzi gani hakujibu. Binti zetu wapelekwa Ghuba kwa mkataba wa miaka miwili wa kazi za nyumbani ambao wao wenyewe hawakuusoma, na wengine hawana nakala yake. Yule mama wa Mji wa Kale tulimwuliza jina la wakala aliyempeleka mwanawe. Hakulijua, ajua namba ya simu tu, nayo imezimwa. Serikali inayo Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na orodha ya mawakala wenye leseni huwekwa wazi. Mzazi aliyemkabidhi mtu binti yake bila ya kuitazama orodha hiyo hawezi kusema ni kadari tu. Tumempeleka kwa mwanasheria katika jamaa wa darsa yetu, na twamwomba Mwenyezi Mungu amrejeshe mtoto salama.

Wala msiseme kwamba mambo haya yawawezekania watu wa bara tu. Mababu wa wengi wetu walitoka Hadhramaut hawana kitu, wakachukua maji na kuuza kahawa, kisha wakafungua maduka. Na ndugu zetu wa Unguja waliotawanyika baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, wengi walitaabika sana. Lakini Sultan Qaboos alipotawala Oman mwaka 1970, akawaita watu wenye asili ya huko warudi, ni wao waliojaza maofisi ya wizara, mahospitali na mashule na kazi za mafuta. Kwa sababu gani? Kwa kuwa walikuwa wamesoma Unguja, wajua Kiingereza na hesabu na utawala, na Oman wakati huo haikuwa na mashule ila machache sana. Walinyang'anywa majumba na mashamba, ilimu hawakunyang'anywa.

Basi, tumesema ya kuwasifu wenye kwenda. Lakini mzee wetu wa Kebirigo hakutuita kwa ajili ya sifa. Usiku baada ya Isha, wanawe walipokwisha kulala, alitueleza jambo lililokuwa likimla moyo.

Mwaka 2011 aliuza kipande cha shamba lake la chai kwa shilingi laki nne na nusu ili kumpeleka mwanawe mkubwa Marekani. Kijana amefaulu, alhamdulillahi. Ni muuguzi kamili, ana nyumba, na kila mwezi hupeleka kitu. Lakini mzee anao binti na mtoto wa kiume mdogo waliobaki nyumbani. Binti ndiye achumaye chai iliyobaki na ndiye amtazamaye mamake, ambaye maradhi ya sukari yamemtoa nguvu za miguu. Binti alimwuliza babake siku moja, kwa adabu, ile chai iliyouzwa ilikuwa ya nani? Mzee hakuwa na jawabu.

Ndugu wasomaji, swali hili limo katika nyumba nyingi za pwani, ila halijasemwa. Kila mwaka fedha nyingi zaingia Kenya kutoka kwa walioko nje. Mwaka 2024 zilikuwa zaidi ya dola bilioni 4.9, na kiasi cha nusu zatoka Marekani. Hizo huhesabiwa na Benki Kuu. Ama kilichouzwa ili mtu aende, nani akihesabu?

Tulimwambia mzee: hapana budi kwanza kujua, ulimpa mwanao au ulimkopesha? Kama ulimpa, Nuuman bin Bashir amepokea kwamba babake alimpa yeye kitu, akaenda kwa Mtume (S.A.W.) amshuhudie, naye akamwuliza kama amewapa wanawe wote mfano wa hicho, aliposema hapana, alikataa kushuhudia. Katika madhehebu yetu ya Shafi kusawazisha baina ya watoto ni sunna na kupendelea ni makuruhu. Mahanbali wamesema ni wajibu. Na baba aweza kurejea katika alichompa mwanawe maadamu kingali mikononi mwake, lakini fedha za tikiti na karo zimekwisha, huwezi kurejea katika kitu kisichokuwapo. Na kama ulimkopesha, basi ni deni, nawe ukifa leo deni hilo ni katika mirathi, na kila mrithi ana fungu lake ndani yake. Mzee akasema: “Hatukusema neno lolote siku ile. Tulilia tu, akapanda gari.”

Basi tulimpigia simu kijana. Huko kwao ilikuwa bado mchana, naye yuajitayarisha kwa zamu ya usiku. Alitueleza kwamba miaka miwili ya mwanzo hakuwahi kuswali Ijumaa hata moja, kwa haya ya kuomba ruhusa na kwa hofu ya kufukuzwa, mpaka alipojuana na Wasomali wa Minneapolis akaona wao huomba na hupewa. Siku hizi, alisema, adhana yaruhusiwa kwa sauti mjini humo sala zote tano, tangu baraza la mji lilipopitisha mwezi wa Aprili 2023. Tulipomtajia habari ya shamba alinyamaza muda, kisha akakiri wazi kuwa tangu siku ile alijiona ana deni la babake. Ikrari ya mdaiwa ni hoja juu yake. Akataka kulipa bei ya shamba la leo, ambayo ni mara tatu ya ile. Tukamwambia: unachodaiwa ni laki nne na nusu, kushurutishwa zaidi ya hapo ni riba. Lakini ukilipa deni, kisha ukaongeza kwa hiari yako pasipo sharti, hiyo ni ihsani, na Mtume (S.A.W.) alikopa ngamia akalipa aliye bora kuliko yule.

Asubuhi, kwa kufuata amri ya aya ya 282 ya Suratul Bakara, tuliandika karatasi: kiasi, na jina la mwenye kudai na mdaiwa, na kwamba kitalipwa kwa miezi kumi na minane. Wawili katika tuliofuatana nao walitia saini kuwa mashahidi, na kijana akapelekewa nakala kwa simu.

Kisha binti akasema maneno ambayo hatukuyatazamia. Alisema fungu lake hakulitaka liwe shamba. Atakalo ni karo ya chuo cha mafunzo ya utabibu kilichoko Nyamira, asome uuguzi miaka mitatu, kisha naye aende. Babake akamtazama mkewe aliyekuwa ameketi juu ya mkeka mlangoni. Sisi twaijua hadithi ya mtu aliyekuja kwa Mtume (S.A.W.) kutaka kutoka jihadini, akaulizwa kama wazazi wake wa hai, akaambiwa jihadi yake iko kwao. Lakini twajua pia kuwa huduma ya mama si deni la binti peke yake, na kwamba mtoto wa kiume mdogo alikuwa amesimama pale pale, ana miaka ishirini, hana kazi, na hakuna aliyemtaja. Tulimtaja sisi. Akainama chini. Mzee alisema watalizungumza wenyewe baada ya sisi kuondoka, nasi tukaona hiyo ndiyo haki yao, tukaaga tukashika njia ya Kisii kuwahi basi la usiku.

Wallahu aalam.