Kuhama na Kuendelea Kuwa Yule Yule

Mashua ya tanga inapohamishwa kutoka Mombasa, kupitia Bahari ya Shamu na Mfereji wa Suez, hadi kwenye marina ya Mediterania, mambo matatu yaliyokuwa pamoja huachana. Mwili wake, yaani mbao, mlingoti na matanga, husafiri. Bendera yake hubaki ile ile mpaka usajili ubadilishwe, kwa kuwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unakipa chombo uraia wa nchi ambayo kina haki ya kupeperusha bendera yake. Gati lake huwa jipya, lakini gati halikifanyi chombo kuwa mwenyeji: mashua ya mtu anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya kwa kawaida huruhusiwa kukaa humo miezi 18 bila kutozwa ushuru. Inaweza basi kulala Ugiriki mwaka mzima na bado ikawa ya Kenya. Hapo ndipo swali la kifalsafa linapozaliwa. Kitu kilichohama, na pengine kubadilishwa sehemu zake njiani, huendelea kuwa kile kile kwa sababu gani? Abagusii wa Kisii na Nyamira, magharibi mwa Kenya, hawakai pwani, lakini historia yao ni ya kuhama, na kwao swali hili linagusa ukoo, kaburi na imani.

Mfano mkongwe wa swali hili unatoka Mediterania yenyewe. Plutarch anaeleza kwamba Waathene waliitunza merikebu ya makasia thelathini iliyomrudisha shujaa Theseus kutoka Krete. Ubao ulipooza waliung'oa na kupachika mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika, wengine wakisema ni merikebu ile ile, wengine wakikana. Mwaka 1655 Thomas Hobbes aliongeza ugumu: mtu akiziokota zile mbao kuukuu na kuziunganisha upya, ipi kati ya merikebu hizo mbili ndiyo ya Theseus?

Mabishano hayo hutazama mbao na kusahau kazi ya merikebu. Kila mwaka Athene ilituma ujumbe wa ibada kwa merikebu iliyosemwa kuwa ndiyo hiyo ya Theseus hadi kisiwa cha Delos, kutimiza nadhiri kwa mungu Apollo, na mpaka irudi mji haukuruhusiwa kumuua mtu yeyote aliyehukumiwa. Kwa sababu hiyo mwanafalsafa Sokrates alikaa gerezani akingoja kifo mwaka 399 KK. Kwa mji uliojiona una deni la nadhiri, merikebu ilikuwa ile ile maadamu nadhiri ilikuwa ikitimizwa kwayo. Aristotle alikaribia wazo hili alipouliza mji huendelea kuwa ule ule kwa nini. Alikataa kwamba ukuta au eneo vinatosha, akajibu kwamba kinachoamua zaidi ni katiba, yaani utaratibu unaowaunganisha raia.

Historia ya Abagusii inalipima jibu hilo. Mapokeo yao, ambayo mwanahistoria William Ochieng' aliyachunguza katika kitabu chake cha 1974, yanawatoa kaskazini, katika nchi inayoitwa Misiri, na kuwapitisha Mlima Elgon, Goye huko Yimbo kando ya Ziwa Viktoria, na nchi tambarare ya Kano. Kutoka huko walisogea hadi Kabianga, walikopatwa na baridi iliyoharibu mazao na mifugo, kisha wakaingia katika vilima wanavyokaa leo. Katika safari iliyochukua vizazi kadhaa, kila aliyeondoka Elgon alikuwa amekufa kabla ya kilima cha mwisho kufikiwa. Watu walibadilika wote, na nchi ikabadilika mara nyingi. Makaburi ya wazee yaliachwa nyuma.

Hata hivyo ukoo haukukatika. Abanchari wanaishi vilimani, lakini mnyama wa ukoo wao ni kiboko, mnyama wa maji. Sadaka kwa chisokoro, yaani wazee waliotangulia, hazikuhitaji kurudi Kano. Zilitolewa nyumbani kwa mzao aliyedaiwa, popote alipokuwa amejenga. Kama uhusiano na wafu ungefungwa na udongo peke yake, ungekoma siku kaburi la kwanza lilipoachwa. Uliendelea kwa sababu daima palikuwa na mtu aliyekubali kwamba deni ni lake.

Imani nazo huhama, na kwazo swali huwa gumu zaidi. Mwaka 1913 Onyango Dunde, Mjaluo wa Alego, alisema kwamba alimezwa na Mumbo, nyoka mkubwa wa Ziwa Viktoria, akatapikwa, na kupewa ujumbe: Mumbo ndiye mungu, dini ya wamisheni imeoza, na Wazungu watatoweka. Ujumbe huo wa ziwani ulipanda vilima vya Gusii na huko ukakutana na utabiri wa Sakawa, nabii wa Abagusii aliyetangulia, ambaye wafuasi walimngojea arudi. Serikali ya kikoloni iliwahamishia baadhi ya viongozi wa imani hiyo Lamu mwaka 1921, na mwaka 1954 ikaipiga marufuku. Je, Mumbo wa Gusii alikuwa yule wa Alego? Jina lilikuwa moja, lakini tumaini lilikuwa limepata nabii mwingine. Kwa kipimo cha nadhiri, hiyo ilikuwa imani mpya iliyozaliwa na ile ya kwanza, kwa kuwa waumini wake walijiona wana wajibu kwa Sakawa, wajibu ambao Alego haikuwa nao.

Ukristo nao ulivuka maji. Mwaka 1906 Mkanada Arthur Carscallen na Peter Nyambo wa Nyasaland walitoka Kisumu wakavuka ghuba hadi upande wa Kendu kuanzisha misheni ya Waadventista. Kufikia 1912 misheni hiyo ilikuwa imefika Nyanchwa huko Gusii, na Wakatoliki walikuwa wamekwisha kufika Nyabururu, huko huko Gusii. Lugha ya sala na sauti za nyimbo zilibadilika, lakini Sabato au Misa ilibaki wajibu ule ule mbele ya Mungu yule yule.

Leo swali limerudi kwa sura ya familia. Abagusii wengi wanaishi Nairobi, Nakuru na hata Minnesota, wengine wakiwa na uraia wa Marekani, na bado maiti husafirishwa kuzikwa katika shamba la ukoo. Desturi hiyo ina uzito wake: kaburi linaonyesha nani ni wa nyumba ipi na nani ana haki juu ya ardhi ipi, katika nchi ambayo mashamba yamegawanywa hadi vipande vidogo. Lakini familia inayomzika mzee wake katika shamba ililonunua mbali haijavunja ukoo kwa tendo hilo, kwa kuwa waliotoka Kano walifanya hivyo hivyo. Ukoo huvunjika pale jina la mzee linapokosa wa kulitaja, yatima wake wanapokosa wa kuwalea na deni lake linapokosa wa kulilipa. Hilo linaweza kutokea Minnesota, na linaweza kutokea Nyamira hatua chache kutoka kaburini.