Je, Maduka Yafungwe Siku ya Ijumaa Kuu?

Kila mwaka Kwaresima inapoelekea mwisho, swali hili hurudi miongoni mwetu. Hurudi katika vikao vya wazee wa kanisa, katika jumuiya za nyumba kwa nyumba, na nje ya kanisa watu wanapoagana baada ya ibada. Wapo wanaouliza kwa uchungu: inakuwaje siku tunayokumbuka mateso na kifo cha Bwana, mjini Same maduka yawe wazi, mashine za kusaga zingurume na baa zifungulie muziki kama siku nyingine yoyote? Wapo wanaojibu kwamba njaa haina sikukuu, na kwamba mwenye kibanda asiyeuza leo hana cha kupika kesho. Wote hao ni washarika wetu, na wote wanasema jambo la kweli. Kwa hiyo yatupasa kulifikiri swali hili kwa utulivu, tukianza na mambo jinsi yalivyo.

Serikali yetu haina dini, lakini inaheshimu dini za wananchi. Ndiyo maana katika kalenda ya taifa zimo Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka na Krismasi, na zimo pia Idd el Fitri, Idd el Haji na Maulidi. Siku hizo ofisi na shule hufungwa. Mwenye duka ameachiwa aamue mwenyewe. Jambo ambalo sheria imeliamuru ni haki ya mfanyakazi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayefanya kazi siku ya sikukuu ya umma alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Swali letu basi ni hili: je, tuiombe serikali iende mbele zaidi, iamuru kwamba siku ya Ijumaa Kuu au Krismasi kusiwe na duka lililo wazi?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito, na tusiidharau. Mfanyabiashara Mkristo anayefunga peke yake huwaona wateja wake wakivuka barabara na kuingia kwa jirani aliyefungua. Wote wakifunga, hakuna anayepoteza. Wamisionari wa Leipzig walioleta Injili ya Kilutheri katika milima hii walitoka Ujerumani, nchi ambayo hadi leo katiba yake inailinda Jumapili kama siku ya mapumziko, na maduka mengi hufungwa siku hiyo kwa sheria. Huko makanisa na vyama vya wafanyakazi huitetea siku hiyo kwa pamoja, kwa sababu wanajua kwamba mnyonge akiachiwa aamue mwenyewe kupumzika, mara nyingi hawezi. Biblia nayo inatupa mfano wa Nehemia. Katika sura ya 13 ya kitabu chake tunasoma jinsi alivyofunga malango ya Yerusalemu kabla ya sabato, akawafukuza wachuuzi waliolala nje ya ukuta na bidhaa zao.

Lakini Same si Yerusalemu ya Nehemia. Katika ukoo mmoja wa Kipare si ajabu kukuta Mlutheri, Mkatoliki, Msabato na Mwislamu wakila sahani moja kwenye msiba mmoja. Tukitaka sheria imfunge Mwislamu duka lake siku ya Ijumaa Kuu, tujiulize tutasema nini sheria hiyo hiyo ikifunga duka letu siku ya Maulidi. Tuitazame Zanzibar. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi huko hufungwa mchana, na wako watu waliokamatwa kwa kula hadharani. Wakristo tukisikia habari hizo huguna. Waswahili walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nguvu ya dola tusiyoipenda inapotugusa sisi, hatuna haki ya kuitamani iwaguse wengine kwa ajili yetu.

Tena milima yetu yenyewe ina somo ambalo tumeliona kwa zaidi ya miaka 120 bila kulitafakari vya kutosha. Mwanzoni mwa karne ya 20, karibu wakati ule ule Walutheri walipokuwa wakijenga vituo vyao vya kwanza huku Upareni, Waadventista Wasabato nao walifika, wakaanza kazi yao mwaka 1903 huko Giti, Mamba. Hatukubaliani nao juu ya siku. Hata hivyo, jua likizama Ijumaa, Msabato wa mlimani anayeishika imani yake hufunga duka lake, na siku ya Jumamosi hata mteja apige hodi namna gani, hafungui. Hakuna sheria ya nchi iliyomwamuru, na Jumamosi haimo katika sikukuu za taifa. Gulio likiangukia siku hiyo, yeye hupoteza mauzo. Watoto wa mlimani, hata wasio wa kanisa lake, wanajua kwamba Jumamosi hawatumwi sukari pale. Gharama ya siku yake anailipa yeye, na kwa sababu hiyo ushuhuda wake unaeleweka hata kwa asiyeukubali. Je, siku yetu ikilindwa na polisi, jirani atajifunza nini kuhusu imani yetu?

Tunasema basi kwamba sheria iruhusu maduka kufunguliwa. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumejibu nusu tu ya swali, tena nusu iliyo rahisi, kwa maana tumekuwa tukimfikiria mwenye duka na kumsahau anayeuza.

Washarika, tunawajua mabinti na vijana waliotoka Chome, Mbaga, Gonja na kwingineko mlimani wakaletwa mjini kuuza maduka ya ndugu zao au ya watu wengine. Wengi hawana mkataba. Wengine hulala chumba cha nyuma, katikati ya magunia. Sheria ile ya mwaka 2004 hawajaisikia, na hata wakiisikia hawana wa kumdai, kwa sababu mwajiri ni mjomba au shangazi. Asubuhi ya Krismasi mwenye duka ameketi kanisani na familia yake, amevaa vizuri na ametoa sadaka ya shukrani, naye binti yuko kaunta anauza soda na betri. Mabasi kutoka Dar es Salaam na Arusha yanashusha watu wanaorudi nyumbani kula sikukuu na wazazi. Wanaingia dukani wananunua mchele, mafuta na biskuti za watoto, kisha wanapanda magari ya kwenda milimani. Binti anawahesabia chenji na kuwatakia sikukuu njema. Mama yake yuko huko huko wanakokwenda, na yeye haendi.

Tukisema duka lina uhuru wa kufunguliwa, uhuru huo ni wa nani? Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, inapoitaja siku ya mapumziko, haiishii kwa mwenye nyumba. Inamtaja mtumwa na mjakazi, nao wapumzike kama yeye, na sababu inayotolewa ni kwamba Israeli wenyewe walikuwa watumwa Misri. Kwa hiyo siku takatifu tangu mwanzo ilimwangalia zaidi asiye na uwezo wa kusema “leo sifanyi kazi”. Ibada ya bwana inayosimama juu ya mgongo wa mjakazi aliyenyimwa siku hiyo haikidhi amri, hata kama kwaya imeimba vizuri.

Wala hatusemi kila mlango ufungwe. Wauguzi wa Hospitali ya Gonja hawawezi kumwacha mama anayejifungua kwa sababu ni Pasaka. Dereva, mwenye famasi na anayempikia msafiri wanahitajika. Bwana wetu mwenyewe aliuliza, katika Luka sura ya 14, ni nani ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya sabato hatamtoa. Lakini wengi wetu tukiwa wakweli, kilichotupeleka dukani siku ya sikukuu hakikuwa ng'ombe kisimani. Ilikuwa ni chumvi tuliyosahau kununua jana yake.

Hapa ndipo Nehemia anapotufundisha vizuri zaidi. Kabla ya malango kufungwa katika sura ya 13, watu walikuwa wamefanya agano katika sura ya 10: wachuuzi wakileta bidhaa siku ya sabato, wao hawatanunua. Agano lilimshika mnunuzi kwanza. Na sisi watu wa Pare tunalijua jambo la namna hii tangu zamani. Baragumu la msaragambo lilipolia, watu waliacha shughuli zao wakaenda kutengeneza ndiva au mfereji, kwa sababu walikuwa wamekubaliana na maji yalikuwa ya wote.

Tufanye nini? Kwanza, kila nyumba inunue mahitaji yake siku moja au mbili kabla ya sikukuu, na kulifundisha jambo hili kwa watoto. Pili, washarika wenye maduka wakae pamoja, wakubaliane angalau saa za ibada milango ifungwe, ili asiwepo anayepoteza wateja kwa mwenzake wa kanisani. Tatu, anayeona ni lazima afungue, aketi yeye mwenyewe kaunta, au amlipe msaidizi wake kama sheria inavyotaka na kumpa siku nyingine pamoja na nauli ya kwenda kwao. Nne, tupokezane na majirani. Krismasi Mwislamu afungue duka lake mteja apate dawa ya mbu na sabuni, na Idd sisi tubaki wazi ili yeye aende kuswali bila wasiwasi. Huo ni ujirani ambao hakuna sheria inayoweza kuuandika.

Kwa upande wa wazee wa kanisa, kabla ya kuandika barua kwa Mkuu wa Wilaya kuhusu maduka ya wengine, kuna orodha fupi ya kupitia: ni washarika wetu wangapi wana wasaidizi madukani, na wangapi kati ya wasaidizi hao tuliwaona ibadani Pasaka iliyopita? Tukianza na hao, tutakuwa tumeitunza sikukuu ya Bwana kwa mikono yetu wenyewe.