Fundi Tu



Nilifundisha miaka mingi, kwanza shule ya msingi na baadaye chuo cha ualimu, na leo naungama neno moja dogo nililolitamka nikiwa na chaki mkononi. Darasani mwangu alikuwamo mvulana ambaye hesabu zilimshinda, lakini dawati likivunjika ni yeye aliyelitengeneza. Siku moja nikamwambia mbele ya wenzake, "Wewe utakuwa fundi tu." Wakacheka. Nami nikacheka.

Mwaka juzi alikuja kupima msingi wa nyumba ya Padri. Mimi sikumtambua; yeye alinitambua, akanishikia shikamoo kama zamani. Akatwaa kamba, akapima mita 3 upande huu na mita 4 upande ule, akasogeza mambo mpaka mshazari ukawa mita 5 kamili. "Kona imekaa, Mwalimu," akasema. Ndugu zangu, hiyo ni kanuni ya pembetatu mraba niliyoiandika ubaoni mwaka hata mwaka! Nikamwuliza aliielewa wapi. Akajibu, "VETA. Kule walinipa kamba."

Fungueni Kutoka, mlango wa 31. Pale Mungu anamjaza Roho wake mtu aitwaye Bezaleli, naye si kuhani wala nabii. Ni fundi wa dhahabu, shaba, vito na mbao. Tena someni mlango wa 35, mahali tunapopita haraka: Bwana alimtia moyoni, yeye na Oholiabu, wawafundishe na wengine. Basi karama ya mikono nayo inataka mwalimu. Haiokotwi njiani.

Mfano uko katika kanisa letu la Mkunazini, Unguja, lililoanza kujengwa mwaka 1873 palipokuwa soko la watumwa. Wageni huonyeshwa nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba Askofu Steere alikuwa safarini, na wajenzi hawakuwa wamepata kuona nguzo za namna ile. Nia walikuwa nayo na nguvu walikuwa nazo. Hapakuwa na mtu wa kuwaonyesha.

Vijana wetu wangapi wako hivyo? Kijana anashika spana gereji miaka mitano, anajua kufungua injini, lakini kiwandani anaulizwa cheti, anarudi nyumbani. Wazazi wafahamu kwamba VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, humpima hata aliyejifunza kazi mtaani na kumpa cheti akifaulu. Lakini sisi tunaona haya. Mtoto akienda kidato cha tano tunatoa sadaka ya shukrani. Akienda kujifunza umeme tunanyamaza, kana kwamba nyumbani kuna msiba. (Taa za kanisa zikizimika, hapo tunamtafuta mbio.)

Mwezi uliopita Halmashauri ya Mtaa ilijadili binti mmoja yatima anayetaka kujifunza kuchomelea vyuma. Mzee mmoja akasema, "Mpelekeni ushonaji tu." Neno lile lile! Nilisimama nikawasimulia habari ya kamba. Mjadala ulikuwa mrefu, na si wote walioridhika, lakini ada imekubaliwa.

Ataanza Januari. Bado hana buti, glovu wala miwani ya kukinga macho. Mwenye nafasi amwone Mtunza Hazina baada ya Misa.