"Hajazaa" Si "Hazai"

Katika miji yetu ya pwani, mke aliyetimiza miaka miwili ya ndoa bila ya mtoto huanza kupewa jina. Hunong'onwa kwanza jikoni, kisha husemwa barazani, na mwisho mume naye huliamini, akatoa talaka. Twauliza: wanaosema "hazai" wamelijuaje hilo?

Lugha yetu imekwisha kuyatenga mambo mawili haya. "Hazai" ni hukumu; "hajazaa" ni habari ya mpaka leo. Na wenye elimu ya takwimu wamejenga mlango mzima wa elimu yao juu ya tofauti hiyo hiyo. Mlango huo ulitokana na hesabu za vifo, lakini hutumika vile vile kupima muda tangu ndoa mpaka mtoto wa kwanza, na tangu mtoto mmoja mpaka wa pili.

Mwaka 1958 Wamarekani wawili, Kaplan na Meier, walieleza namna ya kuwahesabu wale ambao habari zao zimekatika kabla ya jambo kutokea. Tupige mfano. Wanawake kumi waliolewa pamoja. Mwaka wa kwanza walizaa wanne. Mmoja, mwaka ulipokwisha, alihamia Maskati na mumewe, habari zake zisipatikane tena. Mwaka wa pili, katika watano waliosalia, walizaa wawili. Ni wangapi katika mia wangali wakingoja? Atakayemtia msafiri katika wasiozaa atasema 40. Atakayemfuta kabisa atasema 33. Wote wawili wamesema wasilolijua. Iliyo haki ni kumhesabu kwa mwaka aliokuwapo, na kunyamaza juu ya mwaka usioonekana: sita kwa kumi, mara tatu kwa tano, ndiyo 36.

Wapo watakaosema kuwa hii ni kuingilia ghaibu. Sivyo. Hata njia aliyoitoa Mwingereza Cox mwaka 1972, ambayo hutia umri na hali nyinginezo katika hesabu, hueleza kundi tu. Haimtajii mke yeyote mwezi wake.

Ni kweli kuwa kadiri miezi ipitavyo, wanaoshika mimba katika waliosalia huwa wachache zaidi. Lakini sababu kubwa ni kwamba walio wepesi wa kushika mimba wamekwisha kutoka safuni, si kwamba kila aliyebaki amefungika. Madaktari nao huichukua miezi 12 ya kujaribu kuwa ni wakati wa kuanza kuchunguza, na mapema kuliko hapo kwa mke aliyepita miaka 35. Huwachunguza wote wawili, kwani sababu yaweza kuwa kwa mume.

Waume wangapi walioacha wake kwa neno "hazai" walikwenda kupimwa kwanza? Na wake wangapi walioachwa hivyo twawaona leo wakiwapeleka wanao chuoni, watoto wa waume wengine, na hakuna hata mmoja aliyebisha hodi kuwataka radhi?